Kufundisha Jinsi Neva Inavyopata Mahali Pake Kwenye Msuli

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwalimu-mwanafunzi wetu alikuwa akieleza habari za neva na misuli. Alichora ubaoni ncha ya neva kwa juu na msuli kwa chini. Baina ya viwili hivyo akaacha nafasi tupu, akaiandikia neno moja: "uwazi". Akaeleza vizuri kwamba habari huvuka uwazi huo kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Somo lilipokaribia kwisha, mwanafunzi mmoja akasimama akauliza: "Mjomba wangu alikatwa na panga mkononi, vidole vikapooza. Akashonwa hospitalini, na baada ya miezi mingi vidole vikaanza kusogea tena. Je, neva ilijuaje pa kurudi?" Mwalimu akafikiri kidogo, kisha akajibu: "Ndivyo maumbile yalivyo." Darasa likanyamaza, madaftari yakafungwa.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tulipaswa kumsahihisha mwalimu huyo. Lakini tulipokutana baadaye tulikiri kwamba hata sisi tungejibu vivyo hivyo. Jibu lake halikuwa la uongo. Kosa lake ni kwamba lilifunga mlango mbele ya mtoto aliyekuwa amekwisha kuufungua. Tena mchoro wenyewe ulikuwa umesaidia kuufunga, kwa kuwa mahali palipoandikwa "uwazi" ndipo hasa jibu lilipokuwa.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza yale yanayojulikana juu ya vitu vilivyo nje ya seli ambavyo huongoza neva na msuli kuunda kiungo chao. Pili, kuonyesha jinsi mwalimu wa biolojia anavyoweza kuyafundisha mambo hayo kwa njia ya ushahidi na hoja, wala si kwa kukaririsha majina.

Mambo ya kuyajua kwanza

Mahali neva inapokutana na seli inayoipelekea habari huitwa sinapsi. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1897 kwa kalamu ya Charles Sherrington wa Uingereza. Sinapsi ya neva na msuli ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi, maana ni kubwa na hufikika kwa urahisi.

Uzi mmoja wa msuli ni seli moja ndefu yenye viini vingi. Neva huugusa uzi huo mahali padogo sana, pasipozidi kama sehemu moja katika elfu moja ya uso wake. Hapo uso wa msuli umejikunja na kufanya mikunjo, na kwenye vilele vya mikunjo hiyo vimesongamana vipokezi vya asetilikolini, kiasi cha 10,000 katika kila mikromita moja ya mraba. Ukisogea kando kidogo tu, vipokezi huwa haba mno. Upande wa pili, ncha ya neva imejaa vifuko vidogo vya asetilikolini, na mahali vifuko vinapofungukia pameelekeana sawasawa na midomo ya mikunjo ya msuli. Pande mbili hizi zimelingana kama mlango na fremu yake.

Baina ya pande hizo pana umbali wa nanomita 50 hivi. Nafasi 20,000 za namna hiyo zikipangwa pamoja ndipo hutimia milimita moja. Lakini nafasi hiyo si tupu. Kila uzi wa msuli umevikwa ala nyembamba iliyofumwa kwa protini na sukari zilizoshikamana nazo. Wataalamu huiita lamina ya msingi, nayo ni sehemu ya matriksi ya nje ya seli, yaani mfumo wa vitu ambavyo seli huvitoa na kuviweka nje yake. Katika makala haya tutaiita "ala" tu. Ala hiyo huuzunguka uzi wote wa msuli, hupita katikati ya sinapsi, na huingia hata ndani ya mikunjo. Humo hukaa pia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho huvunjavunja asetilikolini baada ya kufanya kazi yake, ili msuli upate kulegea.

Kwa miaka mingi ala ilihesabiwa kuwa kama gunia: kitu cha kushikilia, kisicho na la kusema. Majaribio yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1970 yaliibadili fikra hiyo.

Jaribio la chura

Ilijulikana tangu zamani kwamba neva ya msuli ikikatwa na kumea tena, hurudi kwenye mahali pale pale pa sinapsi ya zamani. Swali lilikuwa hili: ni nani anayeiita? Washukiwa walikuwa wawili. Labda ni msuli wenyewe, labda ni ala iliyouvika.

U. J. McMahan, Joshua Sanes na Lawrence Marshall walitumia msuli mwembamba ulio chini ya ngozi ya kifua cha chura. Waliiharibu neva na pia nyuzi za msuli. Mabaki ya nyuzi hizo yaliliwa na seli za kusafisha mwili, ala zikabaki zimesimama kama soksi zisizo na miguu. Ili msuli usimee upya na kuvuruga jaribio, waliupiga kwa eksirei. Neva iliachwa imee.

Lakini msuli ukiwa haupo, mtafiti atajuaje sinapsi ya zamani ilikuwa wapi? Hapa palikuwa na alama mbili. Ala ilikuwa bado imeshika asetilikolinesterasi, ambayo huweza kutiwa rangi ikaonekana. Aidha, vipande vya ala vilivyokuwa vimeingia katika mikunjo vilibaki vimechomoza, vikionyesha kila mkunjo ulipokuwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1977 na mwaka 1978. Neva zilizomea upya zilirudi kwenye mahali pa zamani juu ya ala tupu. Si hivyo tu, bali vifuko vya asetilikolini vilijipanga tena vikielekeana na mahali mikunjo ilipokuwa. Neva ilikuwa imejenga upande wake wa sinapsi, ingawa hapakuwa na msuli wa kupokea habari yoyote.

Mwaka 1979 Steven Burden, Peter Sargent na McMahan walitangaza jaribio la upande wa pili. Safari hii msuli uliachwa umee ndani ya ala yake ya zamani, na neva ndiyo iliyozuiwa isirudi. Walipotafuta vipokezi vya asetilikolini, kwa kutumia sumu ya nyoka ambayo hushikamana navyo, walivikuta vimesongamana mahali pale pale pa zamani. Msuli mpya, ambao haukuwahi kuguswa na neva, ulijua mahali pa kuweka vipokezi vyake.

Basi neva bila msuli ilipajua mahali, na msuli bila neva ulipajua mahali. Kilichokuwapo katika majaribio yote mawili ni ala. Hatuna budi kukubali kwamba ala ilikuwa na alama zinazosomwa na pande zote mbili.

Kuitafuta alama yenyewe

Kusema kwamba ala ina alama si kusema alama hiyo ni kitu gani. Sinapsi ni ndogo mno, na kukusanya protini zake kutoka katika misuli ya vyura lingekuwa jambo gumu kupita kiasi. Watafiti wakamwendea samaki wa jamii ya taa aitwaye Torpedo californica, ambaye hupiga windo lake kwa umeme. Kiungo chake cha kutoa umeme hutokana na seli za asili ya misuli, nacho kimejaa sinapsi za asetilikolini. Kutoka katika matriksi ya kiungo hicho walipata protini ambayo, ikitiwa katika seli za misuli zilizooteshwa kwenye chombo, huvifanya vipokezi vilivyotawanyika vikusanyike vikundi vikundi. Mwaka 1987 protini hiyo ilipewa jina la agrini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukusanya.

Ilidhihirika baadaye kwamba neva yenyewe ndiyo huitengeneza agrini ya aina iliyo na nguvu hiyo. Huisafirisha hadi kwenye ncha yake na kuitoa nje, nayo hunasa katika ala. Kwa hiyo alama inayobaki baada ya neva kuondoka ni kitu kilichoachwa na neva hiyo wakati wa uhai wake pale. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba vijusi vya panya visivyo na agrini havikuunda sinapsi za misuli ipasavyo, wala panya hao hawakuishi baada ya kuzaliwa.

Namna msuli unavyoisoma agrini ilifunuliwa hatua kwa hatua. Katika utando wa msuli mna protini iitwayo MuSK, ambayo umuhimu wake ulithibitishwa pia mwaka 1996. Lakini agrini haishikamani na MuSK moja kwa moja. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba hushikamana kwanza na protini nyingine, LRP4, na hiyo ndiyo inayoiamsha MuSK. MuSK ikiisha kuamka, hupeleka habari ndani ya seli, na protini iitwayo rapsini huvishika vipokezi pamoja chini ya utando.

Neva nayo ina alama zake za kusoma. Mojawapo ni laminini ya aina maalumu iliyomo katika ala ya mahali pa sinapsi, yenye sehemu iitwayo beta-2. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba panya wasio na sehemu hiyo huwa na ncha za neva zenye kasoro: mahali pa kufungukia vifuko huwa pachache, na seli za kuifunika neva hujipenyeza katika nafasi ya sinapsi, mahali pasipo pake. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba laminini hiyo hushikamana na milango ya kalisi iliyo katika ncha ya neva. Kalisi ndiyo inayovifungua vifuko. Hivyo ala huonyesha mahali, na tena husaidia kupanga vyombo vya kazi mahali hapo.

Sahihisho moja muhimu

Mwalimu akifika hapa anaweza kushawishika kusema kwamba neva ni bwana, huja na agrini yake, na msuli hutii. Huo ungekuwa usahili uliopita kiasi. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba katika kijusi cha panya, vipokezi huanza kukusanyika katikati ya uzi wa msuli hata kama neva haikufika kabisa. Msuli huandaa mahali kabla mgeni hajabisha hodi. Utafiti wa mwaka 2005 ukaonyesha kwamba asetilikolini yenyewe huelekea kuvitawanya vikundi hivyo, na agrini huvilinda vile vilivyo chini ya ncha ya neva visitawanyike. Tena mwaka 2012 iligunduliwa kwamba LRP4 ya msuli huipa neva ishara ya kutulia na kujijenga. Kwa hiyo ni mazungumzo ya pande mbili, na ala iliyo katikati huhifadhi yale waliyokubaliana.

Jinsi ya kufundisha

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa ni soksi moja kuukuu, fimbo fupi mbili, kipande cha uzi, wino, na pini chache. Hakuna haja ya kumpasua mnyama yeyote.

Kipindi cha kwanza kianze na swali la mjomba aliyekatwa, au mfano mwingine unaofahamika kijijini. Mwalimu asilijibu. Aivike fimbo ya kwanza soksi, afunge uzi mahali pamoja, na chini ya fundo aitie soksi alama ya wino. Fimbo ni msuli, soksi ni ala, uzi ni neva. Kisha aeleze jaribio la kwanza huku akilitenda: aufungue uzi, aichomoe fimbo, aibakize soksi. Hapo aulize: "Neva ikimea tena, itafika wapi?" Kila mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu yake kabla ya kuambiwa matokeo. Jambo hili la kuandika kwanza tunalisisitiza sana, kwa maana mwanafunzi aliyejifunga kwa utabiri wake mwenyewe husikiliza matokeo kwa masikio mengine.

Baada ya matokeo, mwalimu aingize fimbo ya pili katika soksi, bila uzi wowote, na aulize: "Msuli huu mpya utaweka wapi vipokezi vyake?" Vikundi vijadiliane, kisha mmoja wao achomeke pini mahali wanapopadhani. Ndipo mwalimu aeleze jaribio la 1979. Mwishoni wanafunzi wenyewe wachore jedwali lenye safu tatu: kilichoondolewa, kilichobaki, kilichotokea. Wakilitazama vizuri watalitaja jibu bila kuambiwa.

Kipindi cha pili kihusu agrini na laminini. Majina yaje baada ya haja ya kuyajua kuwa imekwisha kupatikana. Majina ya MuSK, LRP4 na rapsini yanaweza kuachwa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Kwa wale wa chini yatosha kusema kwamba neva huacha protini katika ala, na msuli una protini za kuitambua.

Katika kupima maarifa, tunashauri maswali yafuatayo. Kwa nini watafiti waliupiga msuli kwa eksirei? Kama wasingeweza kuitia rangi asetilikolinesterasi, matokeo yao yangekuwa na thamani gani? Kama neva zingetua popote juu ya ala, tungekata shauri gani? Maswali haya hayajibiki kwa kukariri.

Tahadhari

Kila mfano una mpaka wake, na mwalimu auseme mpaka huo waziwazi. Alama ya wino huonwa kwa macho, lakini seli haina macho. "Kusoma" alama maana yake ni protini moja kushikamana na nyingine kwa sababu maumbo yao yanachukuana.

Pili, tutenganishe maswali mawili katika habari ya mjomba. Neva kufika kwenye msuli ni jambo moja, na kutua mahali pake juu ya uzi wa msuli ni jambo la pili. Katika safari ya kwanza neva huongozwa na mirija iliyobaki ya neva ya zamani, ambayo nayo ina ala na seli za kusaidia. Humea polepole, kiasi cha milimita moja hivi kwa siku, na ndiyo maana uponaji huchukua miezi. Mara nyingi nyuzi nyingine za neva hupotea njia, na msuli uliokaa muda mrefu mno bila neva hudhoofika usiweze kurudi hali yake. Tusimwahidi mtoto kwamba kila mkono uliokatwa utapona.

Tatu, tusiyapeleke mambo haya ubongoni bila uangalifu. Sinapsi za ubongo hazina ala ya namna hii katikati yake. Hata hivyo vitu vya nje ya seli vina kazi huko pia. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba protini ziitwazo trombospondini, zitolewazo na seli saidizi za ubongo, huchochea kuundwa kwa sinapsi.

Nne, wanafunzi wakiuliza faida ya elimu hii, wako wagonjwa wa kutajwa. Katika maradhi ya miastenia kope hulegea na misuli huchoka upesi kwa sababu kingamwili za mgonjwa hushambulia sinapsi zake. Kwa wengi hushambuliwa vipokezi vya asetilikolini. Kwa baadhi ya wengine, kama ilivyogunduliwa mwaka 2001, hushambuliwa MuSK. Wako pia wanaozaliwa na udhaifu wa misuli kwa kasoro ya jeni ya agrini, jambo lililotangazwa mwaka 2009. Daktari asiyejua kwamba uwazi una vitu ndani yake hawezi kuyafahamu maradhi haya.

Hitimisho

Kuuliza si ujinga, na swali zuri la mtoto ni mali ya darasa zima. Tulimrudia mwalimu-mwanafunzi wetu, tukalipanga somo upya pamoja naye, akalifundisha kwa soksi na fimbo. Yule mwanafunzi aliyeuliza ndiye aliyechomeka pini. Aliichomeka penye wino, kisha akageuka akasema: "Kwa hiyo neva iliacha alama yake kabla haijakatwa." Mwalimu hakuwa na la kuongeza.

Tunawaomba walimu wenzetu, watakapochora sinapsi ubaoni, waache kuandika "uwazi" katika nafasi ile. Wachore mstari mmoja katikati, wauandikie jina la ala, na wangoje mwanafunzi aulize mstari huo ni wa nini.